Nusu Lita kwa Kila Kifua

Kama unanoa misumeno kwa kazi, zima mashine kwanza ndipo usome. Sitakuchosha. Mwenyewe pumzi zangu ni za kupimiwa, hata za kuandikia. Nilikaa kwenye jiwe la kunolea miaka tisa, nikaugua miaka miwili, na sasa naweza kutoka kitandani hadi duka la jirani bila kusimama njiani. Ni hatua mia moja na kumi na nne. Nimezihesabu kwenda na nikazihesabu kurudi, kwa sababu kurudi ni mlima, na mlima una tabia ya kuongeza hatua kisirisiri.

Naandika kwa ajili ya wale wanaokohoa sasa hivi wakijiambia ni baridi ya Arusha. Naandika pia kwa sababu kuna mtu alinituma nikapatane kwa niaba yake, nikapatana vizuri sana, na yeye hayupo.

Karakana yetu iko upande wa Elerai, ndani ya uzio wa mabati. Tulikuwa tunanoa bledi za mviringo, zile za maseremala na wapasua mbao. Bledi za siku hizi zina vipande vidogo vya chuma cha kijivu vilivyobandikwa kwenye ncha ya kila jino, kila kimoja ukubwa wa punje ya mchele. Tupa hakiiogopi. Kinataka jiwe la almasi linalozunguka kwa kasi, na kikinolewa kinatoa vumbi laini kuliko poda ya mtoto. Halina harufu wala halikereketi. Lingekuwa linachoma macho, nadhani tungekuwa wazima wote.

Tulikuwa wanoaji wanne, lakini habari hii ni ya wawili, mimi na Elisante. Elisante alikuwa Mmeru wa Kikwe, mrefu, mpole, mashine yake ubavuni mwa yangu. Mimi ni Mchaga wa Machame, kwa hiyo aliniita Mangi kama wanavyoitwa wenye maduka, ingawa duka sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni mdomo. Mteja akileta bledi ya meno sitini akaiita ya arobaini ili alipe pungufu, mimi ndiye niliyeitwa. Nilihesabu meno mara mbili, mara ya kwanza yeye akiangalia, mara ya pili yeye akijitetea. Sikumbuki kushindwa.

Kwenye paa letu kulikuwa na bati moja la plastiki linalopitisha mwanga. Saa nne asubuhi jua lilipita pale na kushuka kati ya mashine yangu na ya Elisante, na hapo ndipo ulipoliona vumbi. Lilikuwa zito, linazunguka taratibu kama lina mahali linapokwenda. Jua likisogea, halionekani tena. Tukawa tunaamini limeondoka.

Mashine zilipokuwa mpya zilikuwa na pampu ndogo ya kumwagia jiwe maji. Pampu zilipokufa hakuna aliyezililia. Bila maji kazi ilienda haraka, na bledi haikushika kutu. Lakini mwaka mmoja, kiangazi, tulianza kupenga kamasi za kijivu, na Elisante akasema yatosha. Alikuwa ameona kwenye karakana nyingine feni ya kuvuta vumbi, ina bomba kama mkonga wa tembo, inakaa mbele ya jiwe. Akasema, "Mangi, nenda kaongee na tajiri. Sisi tukienda tutaanza kumwomba. Wewe utamwambia."

Nikaenda. Tajiri wetu hakuwa mtu mbaya, na ninaomba usimtafute mtu mbaya humu ndani maana utanikuta mimi. Alikuwa anakunywa chai.

"Tajiri, vumbi limezidi. Tunataka feni."

"Hata mimi naitaka," akasema. "Nimeshaiulizia Dar. Inabidi iagizwe, ije, nifunge karakana siku nne tutoboe ukuta. Hizo siku nne mtakuwa mnakula kwa nani?"

"Hilo ni lako."

"Sawa. Basi subirini feni. Au niwape maziwa kuanzia kesho. Wachomeleaji wote mjini wanakunywa, wapaka rangi za magari wanakunywa. Maziwa yanashusha vumbi lote tumboni, linatoka na choo."

Hili kila fundi analijua, na mimi nililijua. Nilikuwa nimeliamini tangu utotoni, kama ninavyoamini kwamba maji hushuka mlima. Kwa hiyo sikujiuliza kama ni kweli. Nilijiuliza kiasi gani.

"Kiasi gani?"

"Robo lita kila mtu."

"Nusu."

"Mangi, mimi sina zizi."

"Nusu lita kwa kila mtu. Pakiti iliyofungwa, siyo ya kupimiwa na kikombe. Na Jumamosi imo."

Akacheka, akanipa mkono. Nilitoka pale kifua mbele, hicho hicho kifua.

Wenzangu wawili walinipigia makofi. Elisante alikuwa anafuta jiwe lake. "Na feni?"

"Feni ni ya siku isiyojulikana. Maziwa ni ya kesho."

"Nyumbani nina ng'ombe. Maziwa sina shida nayo. Nilikutuma feni."

"Sasa una ng'ombe wawili, Mmeru, na huyu wa pili humkatii majani."

Wote wakacheka, na yeye akatabasamu, akatikisa kichwa, akarudi kwenye jiwe. Nilimshinda kwa kuchekesha watu. Tulikunywa yale maziwa miaka sita, kila siku saa nne, tumesimama palepale mwanga unaposhukia, na vumbi likitua juu ya mdomo wa pakiti.

Elisante ndiye aliyeanza kuugua. Kikohozi chake kilikuwa na mpangilio wake, mbili fupi, kimya kidogo, halafu moja ndefu inayoishia kama mtu anayevuta gunia sakafuni. Alipimwa makohozi mara mbili, hayakuonyesha kitu. Picha ya kifua ikaonekana mbaya, akaanzishiwa dawa za TB. Akamaliza, akaanzishiwa tena. Alikonda mpaka ovaroli ikawa inamngoja aifikie. Siku ya mwisho kuja kazini alikaa kwenye kiti chake bila kuwasha mashine, akanywa maziwa, akasema, "Mangi, huyu ng'ombe wako wa pili naona ana kasoro." Nikacheka. Alikufa masika, mvua ikiwa kubwa kiasi kwamba kaburi lilichotwa maji kwa ndoo kabla ya kumshusha.

Tajiri alikuja msibani Kikwe na mchele na sukari. Akasema mbele ya ukoo kwamba kiti cha Elisante ni cha familia. Mdogo wake Elisante, Yona, mwenye watoto wawili, akakikalia baada ya wiki tatu. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwonyesha jinsi ya kushika bledi, jinsi ya kuhesabu meno mara mbili, na saa nne nikamfungulia pakiti ya kwanza.

Kipupwe kilichofuata, nilikohoa asubuhi moja nikiwa uani napiga mswaki. Mke wangu Ruthi akatoka jikoni mbio, mkono una unga, akasimama.

"Nini?" nikamuuliza.

"Nilidhani ni Elisante yuko nje."

Mbili fupi, kimya, moja ndefu. Kuanzia siku ile kikohozi chake kiliishi kwangu. Nilijaribu kukikohoa kwa namna nyingine, kama mtu anayejaribu kubadilisha mwandiko. Kilirudi kilekile.

Sehemu hii naiandika polepole kwa sababu ndiyo itakayokusaidia. Nilikwenda zahanati, nikaenda kituo cha afya, nikaenda hospitali moja na nyingine. Kwenye kila fomu kuna mahali pa kuandika kazi. Kila mahali niliandika "mfanyabiashara". Sikuwa nadanganya serikali, nilikuwa najipandisha cheo. Huwezi kutoka Machame ukaandika kwamba unanoa misumeno ya watu. Kwa hiyo kila daktari alimtibu mfanyabiashara anayekohoa, na mfanyabiashara anayekohoa Arusha hupewa dawa za mafua, halafu za nimonia, halafu za TB. Siwalaumu. Nilimuuzia kila mmoja wao bledi ya arobaini, na hakuna aliyehesabu meno.

Dawa za TB nilizinywa miezi sita. Mkojo ukawa rangi ya soda ya chungwa, na kifua kikabaki vilevile. Vuli ya mwaka uliofuata ilipoanza sikuweza kufunga viatu. Kuinama kulikuwa kama kuingiza kichwa ndani ya ndoo ya maji. Ncha za vidole zilivimba zikawa mviringo, kucha zikapinda kama mgongo wa kijiko. Nilipungua, mkanda ukahitaji matundu mapya, nikatoboa mawili, halafu mawili tena.

Mabenchi ya kusubiria ni ulimwengu wake. Unakuta wewe ni wa arobaini na tatu, unahesabu waliotangulia unapata arobaini na tano, maana kuna waliopenyezwa, na huo ndio muda unaotakiwa kufunga mdomo. Mimi sikuufunga mpaka pumzi ziliponiishia katikati ya hoja. Mama mmoja aliyekuwa na mgonjwa wake akanisogezea chupa ya chai bila kuniangalia. "Kunywa, utagombana ukipona." Nimesahau majina ya dawa tatu lakini ile chai siisahau.

Siku moja kwenye benchi nilimwona mtu mrefu amekaa kwenye kona, ovaroli ya bluu, mikono juu ya magoti. Nilijua siyo yeye. Nilihesabu watu wa benchi lile, wakawa tisa. Nikahesabu tena, wakawa nane. Sikumwambia Ruthi.

Aliyenitoa shimoni ni daktari mdogo wa umri, mwanamke, katika hospitali kubwa nje ya Arusha, nilikopelekwa Januari kupigwa picha ya kifua kwa ile mashine inayokuzunguka umelala. Alisoma faili langu lote. Halafu akasema, "Naomba mikono, baba."

Nikamnyooshea. Akatazama kucha, akageuza viganja, akapitisha kidole chake kwenye makovu ya bledi, moja moja.

"Unafanya biashara gani?"

"Ya hapa na pale."

"Baba, nimeona wafanyabiashara wengi. Hawana mikono hii. Unashika nini?"

Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza ni bledi za namna gani, kuna maji au hakuna maji, miaka mingapi. Akaomba aletewe bledi moja. Ruthi akaifuata karakana, akaileta imefungwa kwenye kanga kama keki. Daktari akaishika kwenye mwanga, akagusa jino moja la kijivu kwa ukucha.

"Ndani ya hiki kuna madini yanaitwa kobalti," akasema. "Vumbi lake limeingia kwenye mapafu, na mapafu yako yamelikasirikia. Hii siyo TB. Sidhani kama iliwahi kuwa TB."

"Lakini tulikuwa tunakunywa maziwa."

Hakucheka, na namshukuru kwa hilo. "Maziwa yanakwenda tumboni, baba. Vumbi liko kwenye mapafu. Hayakutani popote."

Nilifanya kazi kwa kupatana miaka yote ile na sikuwahi kusikia sentensi isiyo na nafasi ya kupunguza. Hayakutani popote.

"Ingekuwa feni?" nikamuuliza. "Ya kuvuta. Mbele ya jiwe."

"Feni, na maji kwenye jiwe. Ndiyo. Ingesaidia sana."

Alinipa vidonge vya kutuliza uvimbe wa mapafu na sharti moja, nisiliguse tena jiwe maishani. Na aliniambia jambo ambalo nakuandikia neno kwa neno, kwamba ukiwahi kutoka kwenye vumbi, mapafu mengine hurudi kiasi. Ukichelewa, hayarudi. Mimi nilitoka nikiwa ukingoni.

Vile vidonge vina vituko vyao. Uso ulivimba ukawa mviringo, mashavu yakang'aa. Majirani wakaanza kunipongeza. "Baba Aika, mambo yamekunyookea, naona unanawiri." Nilikuwa siwezi kupanda ngazi tatu za kanisa, nanawiri. Nilikula kama mtu aliyekodishwa kula. Hasira ikaja pamoja na njaa. Nilimfokea binti yangu Aika kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, akalia, na Ruthi akaniambia kwa sauti ya chini, "Ugonjwa ni wako, tunaubeba wote. Mdomo ubebe mwenyewe."

Ruthi ndiye wa kwanza niliyemweleza habari ya feni. Alikuwa ananiosha mgongo, maana mikono yangu ilikuwa haifiki. Alisimamisha kitambaa.

"Elisante alitaka feni?"

"Ndiyo."

"Na kiti chake amekalia Yona."

"Ndiyo."

Akaendelea kuosha. "Utamwambia lini Mama Nuru?"

Mama Nuru ni mjane wa Elisante. Kila alipopata mtu wa kuja mjini alinitumia ndizi na maharage. Aliniombea kwenye jumuiya yao kwa jina. Yule mwanamke alikuwa ananilisha, na mimi nilikuwa na neno ambalo likitoka mdomoni, ndizi zile zitakuwa na ladha nyingine. Nikasema nitamwambia nikipata nguvu. Kila Jumapili Ruthi aliuliza lini. Nikapata nguvu za kutembea hadi mlangoni. Nikapata nguvu za kutembea hadi dukani. Za kwenda Kikwe sikuzipata.

Nikajaribu njia ya mkato. Nikampigia Yona simu, nikamwambia aache kazi, vumbi lile ni sumu.

"Kaka, pole, ugonjwa umekutisha," akasema. Nyuma yake nilisikia jiwe likilia. "Mimi nakunywa maziwa yangu yote. Sibakizi hata tone. Wewe ndiye ulinifundisha."

"Maziwa hayasaidii, Yona."

"Mbona ulisema yanasaidia?"

Halafu akakohoa. Kavu, fupi, mara mbili. Nikasubiri ile ndefu, simu ikiwa sikioni. Haikuja.

Nilimpigia tajiri pia. Alikuja nyumbani mwenyewe, na katoni ya maziwa, kama alivyofanya kila mwezi tangu niugue. Aliiweka mezani taratibu. Nilimweleza alichosema daktari. Akazungusha funguo za gari kidoleni.

"Mangi, mimi niliwapa mlichotaka. Mimi nilitaja feni, nikataja maziwa. Nani alichagua?"

"Mimi."

"Sasa nifanye nini?"

"Lete feni. Rudisha maji kwenye mawe."

Akasema ataangalia. Alikuwa ameinamisha kichwa na nadhani alikuwa anasema kweli, lakini kuangalia kwa tajiri kunachukua misimu, na Yona alikuwa ameshafika kwenye mbili fupi. Kumtoa pale ilibidi asikie kutoka kwa mtu anayemsikiliza, na Yona husikiliza mtu mmoja tu duniani, shemeji yake. Na Mama Nuru asingemtoa mtu kazini kwa habari za nusu. Ilibidi nimpe yote.

Masika ilipokwisha, Jumapili baada ya ibada, jirani yetu mwenye gari alitupeleka. Mlima Meru ulikuwa wazi wote, na mahindi ya Kikwe yamefika kiunoni. Kutoka barabarani hadi nyumba ya Elisante nilisimama mara nne. Ruthi alishika kiwiko changu bila kusema neno.

Mama Nuru alitupokea sebuleni. Yona alikuwepo, amevaa shati la kanisani. Watoto watatu wakaja kusalimia, Nuru wa miaka kumi na minne, Elia wa kumi, na Sifa wa mitano. Wakasema shikamoo kutoka mlangoni, hawakuingia, wakaondoka. Nikaitika marahaba, na kikohozi kikanishika. Mbili, kimya, moja. Mama Nuru alikuwa anamimina chai. Mkono ulisimama hewani mpaka kikaisha, ndipo akaendelea kumimina.

"Shemeji, nimekuja kukueleza kilichomuua mume wangu mwenzio," nikaanza, nikaona nimeshavuruga, nikaanza upya. "Kilichomuua Elisante."

Nikasema yote. Vumbi, pampu, feni yenye mkonga, chai ya tajiri, robo, nusu, pakiti iliyofungwa, Jumamosi imo. Nikasema nilivyowachekesha watu ili Elisante anyamaze. Sikupunguza hata punje, na nakuambia hiyo ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu niliyotaja bei kamili bila kusubiri kuulizwa.

Yona ndiye aliyesema kwanza. "Siku yangu ya kwanza, kaka, ulinifungulia pakiti kwa meno yako."

"Nilikufungulia."

"Ukaniambia ndiyo ngao."

"Nilikuwa naamini. Nilikosea."

Akasimama, akaenda dirishani. "Sawa. Nimesikia. Lakini nikiacha, ada ya Nuru inatoka wapi? Na wangu wawili wanakula nini? Wanywe maji ya mfereji?"

"Kuna shamba," Mama Nuru akasema.

"Nusu eka, shemeji."

"Kuna shamba na una mikono. Kesho huendi."

"Angalau nimalize mwezi."

"Yona. Nikikukuta umevaa ile ovaroli nitaichoma ukiwa ndani yake." Hakupandisha sauti. "Kesho utakwenda hospitali, utawaambia unanoa misumeno. Siyo fundi, siyo kibarua. Utasema misumeno. Utabeba na bledi."

Yona aligeuka kutoka dirishani. Halafu akasema, "Nitabeba," akakaa.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kama angenitukana ningejua mahali pa kuyaweka. Mama Nuru alisogeza kikombe changu karibu yangu.

"Kwa hiyo haikuwa TB."

"Daktari hakumwona Elisante, siwezi kuapa. Lakini alikaa nilipokaa, na alikohoa ninavyokohoa."

"Na wewe unaambukiza?"

"Hapana, shemeji. Vumbi haliambukizi."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali maelekezo ya njia.

"Nilimweka chumba cha uani miezi kumi na moja," akasema. "Kikombe chake, sahani yake, taulo lake, kila kitu peke yake. Watoto walimsalimia kupitia dirishani. Sifa alikuwa ndiyo anaanza kukimbia, akimsikia tu anataka kwenda. Nikawa nambeba mgongoni kutwa ili asiende. Siku moja Elisante akaniomba nimpe mtoto amshike kidogo. Kidogo tu, alisema, nitageuza uso pembeni. Nikakataa."

Nilikisogeza kikombe pembeni.

"Ulifanya sawa, shemeji," Yona akasema. "Ndivyo ulivyoambiwa."

"Najua nilifanya sawa."

Akainuka, akaenda mlangoni. "Nuru, waite wenzako."

Wakaja, wakasimama palepale walipokuwa wamesimama mwanzo, nje ya kizingiti.

"Ingieni. Mkae pale kwenye kochi, na Baba Aika."

Nuru akamtazama mama yake. "Anakohoa, mama."

"Nimesikia. Kaeni."

Nuru alikaa ncha ya kochi, Elia akakaa karibu naye. Sifa ndiye aliyekuja mpaka mwisho, akapanda, akajibana ubavuni mwangu kama mtu anayejaza nafasi iliyobaki. Nikazuia pumzi. Yeye akaweka sikio kwenye mbavu zangu, akasikiliza.

"Humu ndani kuna kitu kinakwaruza," akasema.

"Ndiyo. Ni vumbi la kazi."

"Na baba lilikuwa linamkwaruza?"

Nikamtazama Mama Nuru. Alikuwa ameugeuzia ukuta uso.

"Na baba," nikasema.

Akarudisha sikio palepale, akatulia. Kikohozi kilikuwa kimeshapanda mpaka kooni. Nikakimeza, nikawa napumua kwa juu juu, kidogo kidogo, ili asije akaondoka.